Watu Watatazama Ndege Tu, Tuwape Pa Kusimama

Penye njia ya kurukia ndege hapakosi watazamaji. Ukingo wa barabara, kichuguu nyuma ya uzio, paa la nyumba ya jirani: popote panapoonekana ndege ikiinua pua, watu watapajua. Mlinzi akiwaondoa leo, kesho wamerudi na watoto. Sisi tunaofanya kazi ya usalama wa viwanja vya ndege tumezoea kuliita jambo hili usumbufu, tukaongeza doria. Naomba tulitazame upya. Doria haijawahi kummaliza mtu hamu ya kutazama ndege, na kiwanja kisichowapangia watazamaji mahali kimewaacha wajichagulie wenyewe, mara nyingi palipo pabaya kuliko pote.

Pabaya kuliko pote ni kwenye ncha za njia ya kurukia. Hapo ndege hupita chini kabisa, na kwa sababu hiyo hiyo ndipo watu wanapopapenda. Ndege inayokuja kutua hushuka kwa pembe ya nyuzi 3 hivi. Ikiwa imebakiza kilomita 1 kugusa ardhi, iko juu kiasi cha mita 50 tu. Ikivuka mwanzo wa njia imebakiza kama mita 15. Upepo ukibadilika ghafla, mita hizo ni chache mno. Ndiyo maana kanuni za kimataifa zinataka kila ncha ya njia ya ndege kubwa iwe na eneo tupu la usalama lenye urefu usiopungua mita 90, na zinapendekeza lifike mita 240, kwa ajili ya ndege iliyopitiliza au iliyogusa chini kabla ya wakati. Wakazi wa Goma, mashariki mwa Kongo, wanalijua hili kwa uchungu. Aprili 2008 ndege iliyoshindwa kuruka ilipitiliza njia, ambayo tayari ilikuwa imefupishwa na lava ya volkano ya Nyiragongo mwaka 2002, ikaingia Birere, mtaa wa soko na nyumba zilizobanana. Wengi wa waliokufa hawakuwa abiria. Walikuwa mtaani, kwenye shughuli zao.

Hatari nyingine haihitaji hata ajali. Injini za ndege inayoanza kukimbia hutupa nyuma upepo wenye nguvu za kimbunga. Katika kisiwa cha Sint Maarten, bahari ya Karibi, ufukwe wa Maho umetenganishwa na njia ya ndege kwa barabara na uzio tu, na watalii huushika uzio huo makusudi ili wauonje upepo. Mabango ya onyo yapo. Julai 2017 mwanamke kutoka New Zealand alikuwa miongoni mwa walioshika; upepo ulimng'oa, akajigonga kichwa, akafariki. Basi mzazi unayempeleka mwanao kutazama ndege, kaeni ubavuni mwa njia. Msikae nyuma ya ndege inayojiandaa kuruka, wala chini ya ile inayotua.

Ubavuni ndiko pia kunakoonekana mengi, kwa anayejua pa kutupia macho. Magurudumu yanapogusa lami utaona moshi mweupe ukifumka: gurudumu lilikuwa limesimama tuli hewani, na kwa kufumba na kufumbua linalazimika kuzunguka kwa mwendo wa ndege, mpira unaungua kidogo. Mara baada ya hapo vibao vya juu ya mabawa husimama wima ili kuua nguvu ya kuelea na kuukabidhi uzito wote kwa breki.

Kisha kuna upepo, somo ambalo watu wa pwani tayari wamefuzu nusu yake. Jahazi husafiri na upepo. Ndege huruka na kutua ikiukabili, kwa kuwa hewa inayopita kwenye mabawa ndiyo inayoibeba, na upepo wa mbele humpa rubani sehemu ya mwendo huo bure. Njia ya kiwanja cha Abeid Amani Karume, Zanzibar, imelala kusini na kaskazini. Namba zilizopakwa rangi kwenye ncha zake ni 18 na 36, yaani nyuzi 180 na 360 za dira zilizopunguzwa sifuri ya mwisho. Msimu wa kusi, kwa kawaida ndege hurukia kuelekea kusini; kaskazi ikishika, hugeuka zikarukia kaskazini. Mtoto wa Unguja aliyepata pa kusimama anaweza kuusoma msimu kwa kutazama pua za ndege zimeelekea wapi.

Nairobi ina somo lake. Kiwanja cha Jomo Kenyatta kiko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na njia yake ina urefu unaozidi kilomita 4. Kule juu hewa ni nyembamba, mabawa hayapati cha kutosha cha kuegemea na injini nazo hupungua nguvu, hivyo ndege iliyojaa hukimbia mbali kabla ya kunyanyuka. Aina hiyo hiyo ya ndege, ikiwa na mzigo uleule, Dar es Salaam huinuka mapema zaidi kwa kuwa kiwanja kiko karibu na usawa wa bahari. Mwalimu wa fizikia anaweza kulieleza hili ubaoni kwa kipindi kizima, na mwanafunzi akalielewa kwa kutazama ndege mbili.

Watoto wadogo hupenda zaidi herufi. Kila ndege ya kiraia ina usajili ulioandikwa karibu na mkia, na herufi za mwanzo hutaja nchi yake: 5H ni Tanzania, 5Y Kenya, 5X Uganda, 9XR Rwanda, 9U Burundi, 9Q ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, A4O ni Oman. Mpe mtoto daftari na kalamu, umwambie aandike kila anayoiona. Jioni atakuuliza nchi hizo ziko wapi, na hapo ramani itabidi itafutwe.

Haya si mageni kwetu. Kiwanja cha zamani cha Embakasi, kilichofunguliwa mwaka 1958, kilikuwa na mahali pa kuwapungia mkono wasafiri, pakaitwa Waving Base, na familia za Nairobi zilipafanya matembezi ya Jumapili hata kama hazikuwa na mtu anayesafiri. Septemba 1959 vijana 81 waliondoka Nairobi kwenda vyuo vya Marekani katika safari iliyoandaliwa na Tom Mboya na wenzake, na umati ulifika kuwaaga. Halafu dunia ikabadilika. Utekaji nyara wa ndege ulienea kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, na baada ya Septemba 11, 2001 kila mwenye kiwanja alikaza milango. Roshani nyingi za kutazamia ndege zilifungwa, hapa na kwingine, na majengo mapya yakachorwa bila kuzikumbuka.

Ila desturi ya kusindikiza haikufungwa. Anayekwenda Hija, anayekwenda Muscat kufanya kazi, binti anayekwenda kusoma Ulaya, huja kiwanjani na Noah mbili za ndugu. Shangazi amebeba chupa ya chai, bibi ana dua yake ambayo lazima isomwe pale pale. Msafiri akishaingia ndani, ndugu hawa hawana tena wanachoweza kukiona, na bado hawaondoki. Wanasimama mlangoni, wanaziba njia ya vitoroli, wanapiga simu kuuliza kama ameshapanda. Msongamano huo una athari za kiusalama zilizo wazi, na askari hulaumiwa kwa ukali wanapoutawanya. Roshani yenye mlango wake, mbali na njia ya abiria, ingewapokea watu hawa kwa heshima. Hamu yenyewe bado ipo: Julai 2018 Boeing 787 ya Tanzania, 5H-TCG, ilipowasili Dar es Salaam kwa mara ya kwanza, wananchi walijitokeza kwa wingi kuilaki.

Waliolipangia jambo hili wanaonesha kwamba linawezekana. Manchester, Uingereza, wana bustani ya wageni kando ya njia, yenye matuta ya udongo yaliyoinuliwa ili mtazamaji aone juu ya uzio bila kuupanda, na ndani yake wamehifadhi Concorde, ndege ya abiria iliyoruka kwa kasi kuliko sauti, yenye usajili G-BOAC. Haneda, Tokyo, ina roshani juu ya majengo ya abiria, na kupanda ni bure. Dallas Fort Worth, Marekani, walijenga uwanja mdogo wenye darubini na vipaza sauti vinavyorusha mazungumzo ya marubani na waongoza ndege, ukamsikia rubani akipewa ruhusa kisha ukamwona akitua. Schiphol, Uholanzi, waliipandisha ndege nzima aina ya Fokker 100 kwenye roshani yao, watoto wakawa wanaingia ndani. Sisi hatuhitaji kuanza na Fokker. Tuta la udongo, kivuli, maji na vyoo vinatosha kuanzia.

Najua wenzangu wa ulinzi watauliza: je, tukiwakaribisha watu wenye kamera, tutamjuaje mwenye nia mbaya? Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba mtu aliye mahali panapojulikana, penye taa, kamera za ulinzi na askari anayepita, anaonekana kuliko aliyejificha kwenye majani. Ottawa, Kanada, watazamaji wa ndege wamejiunga kuwa jicho la ziada la kiwanja: wanazijua ndege na magari ya pale, wakiona kisicho cha kawaida wanatoa taarifa. Kwa upande mwingine, pasipo na utaratibu, kila mwenye daftari ni mshukiwa. Novemba 2001 watazamaji 14, Waingereza 12 na Waholanzi 2, walikamatwa Kalamata, Ugiriki, wakituhumiwa ujasusi kwa kuandika namba za ndege za kijeshi. Walihukumiwa mwaka uliofuata, na wakaachiwa huru kwa rufaa miezi kadhaa baadaye. Nchi zetu nazo huvihesabu viwanja vya ndege kuwa maeneo yanayolindwa, kwa hiyo kabla hujatoa kamera uliza ofisi ya kiwanja ni kipi kinachoruhusiwa, na usielekeze lenzi kwa ndege za kijeshi au vituo vya askari.

Yako mambo ambayo hata kwenye eneo rasmi hayana ruhusa. Kurusha droni, bila shaka. Kurusha tiara pia, na hili naomba wazazi wa mitaa ya jirani walisikie: uzi na tiara vinaweza kuingia kwenye injini. Kummulika rubani kwa kurunzi ya leza humpofusha wakati anaotaka macho kuliko wakati wowote. Na chakula. Mabaki ya chipsi na mifupa ya kuku huleta kunguru na mwewe, na ndege mnyama ni adui mkubwa wa ndege chuma. Januari 2009 kundi la mabata bukini lilizima injini zote mbili za Airbus A320 iliyotoka New York. Watu wote 155 walipona kwa sababu rubani aliweza kuitua juu ya mto Hudson. Mama lishe ana nafasi yake pale, ni riziki na ni huduma, ila mapipa yawe ya kufunikwa na yazolewe kila siku.

Mengine ni ya mchoraji. Kwa njia iliyolala kusini na kaskazini kama ya Zanzibar, eneo la kutazamia likiwa upande wa magharibi jua la alasiri litakuwa mgongoni mwa watu, na alasiri ndiyo saa ya familia. Magari yaegeshwe mbali na uzio, yasije yakawa ngazi. Kiti cha magurudumu kipate mteremko. Uzio wa mbele uwe na matundu ya kupitisha macho ya mtoto wa miaka mitano, ambaye mara nyingi huishia kutazama mgongo wa baba yake.

Viwanja vipya vinachorwa na vya zamani vinapanuliwa, na kabla ya ujenzi kuna mikutano ya tathmini ya mazingira ambapo wananchi huitwa kutoa maoni. Mazungumzo huwa ya fidia na kelele, kama inavyostahili. Ukipata nafasi ya kusema, omba uoneshwe mchoro, kisha uliza eneo la kutazamia ndege liko wapi. Wakati huo gharama yake ni tuta la udongo na mstari wa kalamu. Uzio ukishasimama na ardhi ya jirani ikishauzwa, hapatakuwa na pa kuliweka.