Kibali Si Kufuli

Juzi tena. Afande mmoja mstaafu alikuja ofisini kwangu hapa Arua, Uganda, kwa mambo ya kiwanja. Mazungumzo yakahamia kwenye bastola yake, akaniambia bila wasiwasi: "Wakili, mimi nina kibali. Na mtoto wa chini ya miaka 12 hashtakiwi. Mjukuu akiichezea, kesi itatoka wapi?"

Itatoka kwako, mzee.

Kuhusu umri yuko sahihi, Sheria ya Watoto ndivyo inavyosema. Ila watu wanadhani mtoto akishaondolewa kwenye hati ya mashtaka, faili linafungwa. Mzazi habebi kosa la mwanawe, anabeba lake mwenyewe, na lake alilitenda siku alipoiacha bastola chini ya godoro. Kanuni ya Adhabu inampa kila mwenye kitu cha hatari mikononi mwake wajibu wa kukitunza kwa uangalifu unaostahili. Mtu akifa kwa sababu wajibu huo ulipuuzwa kupita kiasi, tunazungumzia kuua bila kukusudia, na kifungo chake kinaweza kufika maisha. Kibali kinathibitisha tu kwamba silaha ni yako, na kwa hilo kinamrahisishia mwendesha mashtaka kazi.

Asiye na kibali simpotezei muda: huyo ana kosa tangu siku ya kwanza, mtoto awepo asiwepo.

Wengine hunitajia Marekani. "Kule wamefunga wazazi kwa sababu ya mtoto." Hapana, jamani! James na Jennifer Crumbley wa Michigan hawakufungwa kwa kuwa wazazi. Baba alimnunulia mwanawe wa miaka 15 bastola, na siku nne baadaye, Novemba 30, 2021, kijana huyo akawaua wanafunzi wanne shuleni kwake. Asubuhi ileile, kabla ya mauaji, shule iliwaita wazazi, ikawaonyesha mchoro wa bunduki wa kijana wao na maneno yake ya kuomba msaada. Hawakumchukua nyumbani, wala hawakusema kwamba kuna bastola. Mwaka 2024 kila mmoja alihukumiwa miaka 10 hadi 15. Kilichowafunga ni walichokijua wakakinyamazia.

Hapo ndipo na mimi hukosa usingizi. Uangalifu unaostahili ni upi kwa askari anayelala chumba kimoja na watoto wanne, asiye na pesa ya sefu? Na mama ambaye silaha si yake, lakini anajua ilipo? Nimesimama upande wa utetezi miaka mingi, na bado sijui kama ningependa kumwona baba kizimbani wiki moja baada ya kuzika. Siku nyingine naona ndiyo, siku nyingine naona hapana.

Mzee akaniambia yeye ana sanduku lenye kufuli. Nikamuuliza ufunguo uko wapi.

"Kwenye msumari, nyuma ya mlango. Juu kabisa."

Nikamuuliza kama nyumbani kwake kuna viti. Akachukua kofia yake.