Je, wajua? Neno "check" la Kiingereza lilianza kama jina la mfalme

Mchezaji wa sataranji akimtishia mfalme wa mpinzani wake, Kiingereza husema "check". Mhasibu akipitia hesabu kutafuta kosa, ni "check". Karatasi ya kulipia fedha kupitia benki ni neno hilohilo, kwa Waingereza likiandikwa "cheque". Shati lenye miraba, alama ya vema, kujiandikisha unapofika hotelini, kumzuia mtu asivuke mpaka: kote humo neno hili limo. Anayejifunza Kiingereza ana haki ya kuuliza ni maneno mangapi haya yaliyofanana sauti. Ni neno moja tu, na mwanzoni halikuhusu kuangalia wala fedha. Ni neno la Kiajemi, "shah", yaani mfalme.

Tuanzie ubaoni. Sataranji ilizaliwa India kwa jina la chaturanga, "viungo vinne", kwa maana ya vikosi vinne vya jeshi la wakati huo: askari wa miguu, wapanda farasi, ndovu na magari ya vita. Waajemi wakauita mchezo huo chatrang. Waarabu walipoishika Uajemi katika karne ya 7 waliupokea na kuutamka shatranj, na ndiyo hiyo sataranji yetu. Kulikuwa na ada ya kumtahadharisha mpinzani: mfalme wake akiwa hatarini, unatamka "Shah!" Mfalme! Kilio hicho ndicho kilichosafiri. Kikaingia Kiarabu, kikawa scaccus katika Kilatini cha zama za kati, eschec katika Kifaransa cha kale, na kufikia karne ya 14 Waingereza walikuwa wakisema "check". Hata "chess", jina lao la mchezo wenyewe, limetokana na wingi wa neno hilo la Kifaransa. Ukilifuata hadi chimbuko lake, wanacheza "wafalme".

Na "checkmate", ile hatua ya mwisho? Ni "shah mat". Wengi hufasiri kuwa mfalme amekufa, kwa sababu "mata" kwa Kiarabu ni kufa, na mzizi huo ndio uliotupa mauti na maiti. Lakini Kiajemi nacho kina "mat", yaani aliyeduwaa, aliyeishiwa la kufanya. Mimi naegemea fasiri hii ya pili, maana katika sataranji mfalme haliwi kamwe. Mchezo unakwisha yeye angali amesimama ubaoni, ila hana pa kwenda.

Sasa mfikirie mchezaji aliyekwisha kupanga hatua zake tano za mbele, kisha anasikia "check". Mipango yote inasimama. Sheria haimruhusu kufanya lolote kabla ya kumwokoa mfalme. Hapo ndipo neno lilipotoka ubaoni na kupata maana ya kusimamishwa ghafla, kuzuiwa, kubanwa. Wawindaji wa Uingereza waliokuwa wakifuga vipanga walilitumia kwa ndege aliyeacha windo lake katikati ya mbio na kumfuata ndege mwingine. Wachezaji wa hoki ya barafu hadi leo hulitumia kwa kumkumba mpinzani ili kumkatiza njia. Hata ule msemo wa kisiasa wa Marekani, "checks and balances", una maana hii. Wengi hudhani unahusu mihimili ya dola kukaguana tu, ilhali kiini chake ni kuzuiana: rais anaweza kuukataa mswada, Bunge linaweza kumwondoa rais, na mahakama inaweza kuitangua sheria.

Kutoka kuzuia hadi kukagua si mbali. Anayetaka kuzuia kosa au wizi hana budi kulinganisha na kuhakiki, na katika karne ya 17 maana hiyo ilikuwa imekwisha kuingia.

Ubao wa sataranji nao ulikuwa na safari yake, na hii ndiyo inayonivutia kuliko zote. Kwa Kilatini ubao uliitwa scaccarium. Katika karne ya 12, wakusanyaji wa mapato ya mfalme wa Uingereza, yaani masherifu, walitakiwa kufika mara mbili kwa mwaka mbele ya maofisa wa hazina. Walikaa kuzunguka meza ya futi 10 kwa 5. Richard FitzNeal, mtunza hazina wa Mfalme Henry II, aliieleza meza hiyo katika kitabu alichoanza kukiandika mnamo miaka ya 1170: ilitandikwa kitambaa cheusi chenye mistari, na hesabu ilifanywa kwa kusogeza vipande vidogo kutoka safu hadi safu, huku peni, huku shilingi, huku pauni. Namba za Kirumi zilikuwa ngumu kujumlisha, na watu wengi hawakujua kusoma, lakini kila aliyekuwapo aliweza kuona deni likikua au kupungua mbele ya macho yake. FitzNeal mwenyewe alilifananisha tukio hilo na pambano la sataranji, mtunza hazina upande mmoja na sherifu upande wa pili. Meza ikaipa ofisi jina, "Exchequer", na waziri wa fedha wa Uingereza bado analibeba jina hilo katika cheo chake.

Ndipo njia mbili zikakutana kwenye karatasi moja. Mwanzoni mwa karne ya 18, "check" kilikuwa kishina cha hati ya malipo, kile kipande kinachobaki ili kulinganishwa na hati yenyewe na kuzuia kughushi. Baadaye jina likahamia kwenye hati. Waingereza, wakiwa na "Exchequer" vichwani, wakaanza kuandika "cheque". Wamarekani wakaendelea na "check".

Miraba ya shati inatokana na ubao uleule. Nasi tumefanya vivyo hivyo kwa mchezo mwingine: tunasema shati la drafti. Na drafti yenyewe, Wamarekani huiita "checkers".

Nchi ya Cheki haimo katika ukoo huu. Jina lake linatokana na Čech, jina la watu wake, na sauti zimegongana kwa bahati tu.

Kiswahili kimelipokea neno hili mara mbili. Kwa njia ya bahari tulipata shaha, mfalme wa sataranji, na pia bingwa wa utunzi, kama tusemapo shaha wa malenga. Kwa njia ya Kiingereza tukapata cheki, iwe ni hundi au ni lile la vijana la kutazama. Kwa hiyo kijana anayesema "hebu mcheki shaha" amelitamka neno lilelile mara mbili katika pumzi moja.