Si kila ushahidi ni “conclusive”: dhana potofu za waandishi wa tasnifu

Dhana: “compelling”, “conclusive” na “overwhelming” ni visawe, chagua linalopendeza.

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote. Kila msimu wa tasnifu naletewa sentensi za namna hii: “The results give conclusive evidences that night shifts cause depression.” Ukigeuza kurasa unakuta dodoso walilojaza wauguzi 60 wa hospitali moja. Mwandishi anadhani ameipa hoja yake nguvu, kumbe amejitia kitanzi. “Conclusive evidence” hufunga mjadala, na dodoso la watu 60 halifungi mjadala wowote. Mtahini akishaliona neno hilo ataanza kutafuta mianya, na ataipata.

“Compelling evidence” humvuta msomaji makini akubali, lakini anayetaka kupinga bado ana nafasi. “Overwhelming evidence” ni suala la wingi: utafiti juu ya utafiti, yote ikielekea upande mmoja, kama ilivyo kwa sigara na saratani ya mapafu. IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, lina ngazi rasmi za ushahidi: “limited”, “medium”, “robust”. Mwandishi wao haruki ngazi kwa sababu neno limemvutia.

Kwa wale wauguzi, andika “The results suggest a link”. Huo si woga, ndicho kipimo cha data uliyo nayo. Na tafadhali, achana na orodha za visawe. Kwenye daftari andika jozi nzima, kivumishi na nomino yake, pamoja na sentensi ulimoikuta.

Dhana: ushahidi mzito ni “heavy evidence”.

Hapana. Ni “strong evidence”. Uzito hujitokeza kwenye “the weight of the evidence”. Ushahidi haba ni “scant”, ule usio na mashiko ni “flimsy”.

Dhana: zikiwa nyingi ni “evidences”.

Katika tasnifu, ondoa hiyo s. Ondoa na “an” mbele ya “evidence”. Ukitaka kuhesabu, sema “two pieces of evidence”.

Dhana: kutoa ushahidi ni “give evidence” popote pale.

Shahidi mahakamani ndiye “gives evidence”. Utafiti “provides” au “offers”.

Dhana: “circumstantial evidence” maana yake ushahidi dhaifu.

Ni ushahidi wa mazingira, yaani unaojengwa kwa mambo yanayolizunguka tukio, si kwa shahidi aliyeliona. Mahakama za Kenya na Tanzania huwatia watu hatiani kwa ushahidi huo peke yake, hata kwa mauaji, mradi mnyororo wake usikatike na usiache maelezo mengine yoyote ila hatia ya mshtakiwa.