Dakika za ubao wa kituoni si ratiba

Wengi huamini kuwa ubao wa kielektroniki wa kituo cha basi London ukiandika kuwa basi litafika baada ya dakika 4, unasoma ratiba. Sivyo. Hayo ni makadirio: kila basi lina kifaa kinachoonyesha lilipo kwa setilaiti, na mtambo hukokotoa upya muda uliobaki. Kwa hiyo 4 ikipanda kuwa 5 kwenye foleni, ubao ni mzima.

Unapodanganya zaidi ni karibu na mwanzo wa njia. Basi lililoegeshwa huhesabiwa kwa saa lililopangiwa kuondoka. Dereva akichelewa, namba huganda hapo hapo. Na dereva asipojisajili kwenye mfumo, basi lake huweza kukosekana ubaoni huku linakuja, kwa hiyo tazama na barabara.