Stesheni Kuu ya Bombei: Yanayosemwa Zanzibar na Yaliyo Kweli

Wazanzibari wamekuwa wakienda Bombei, ambayo leo ni Mumbai, kwa vizazi vingi: zamani kwa majahazi yaliyosubiri upepo wa kusi, na siku hizi kwa ndege, wengi wao wakiwasindikiza wagonjwa wao hospitali. Wanaporudi huwa na mengi ya kusimulia kuhusu stesheni kubwa ya katikati ya mji, ile ambayo wazee bado huiita Victoria ijapokuwa ilibadilishwa jina mwaka 1996. Masimulizi hayo ni matamu, lakini mengine yamekwenda kombo, na jengo lenye historia nzito kama lile lastahiki kuelezwa sawasawa.

Lililoenea zaidi ni kwamba michoro ya stesheni mbili ilichanganywa katika ofisi moja ya London: mchoro wa Melbourne ukapelekwa Bombei, wa Bombei ukapelekwa Melbourne, na mafundi wa kila upande wakajenga walicholetewa. Hata Australia kwenyewe kisa hiki kimesimuliwa miaka mingi, na anayezitazama picha za majengo haya mawili pamoja na makuba yake hawezi kulaumiwa kwa kukisadiki. Hata hivyo, miaka yenyewe inakikataa. Ujenzi wa Bombei ulianza mwaka 1878 na kumalizika mwaka 1888, kwa ramani ya msanifu Frederick William Stevens aliyekuwa akifanya kazi huko huko India. Stesheni ya Flinders Street ya Melbourne ilishindaniwa mwaka 1899, na washindi, James Fawcett na H. P. C. Ashworth, walikuwa watumishi wa reli ya huko. Jengo lao lilikamilika mwaka 1910. Kwa hivyo, mashindano ya Melbourne yalipofanyika, abiria wa Bombei walikuwa wameshaitumia stesheni yao kwa zaidi ya miaka 10, na mchoro wa jengo lililokwisha kusimama hauwezi kupotea njiani.

Wapo pia wanaoamini kuwa stesheni hiyo ni nakala ya St Pancras ya London, kazi ya Kiingereza tupu iliyopandikizwa katika ardhi ya Kihindi. Hapa ukweli umechanganyika na kosa. Stevens alisafiri Ulaya kuzitazama stesheni za huko kabla ya kukamilisha ramani yake, na athari ya St Pancras, iliyofunguliwa mwaka 1868, inaonekana wazi katika matao yaliyochongoka na minara. Lakini St Pancras haina kuba la mawe lenye pande nane, wala mpangilio unaokaribia ule wa kasri za Kihindi. Nakshi za majani, ndege, nyani na sura za watu wa makabila mbalimbali ya India, ambazo mgeni huzipita kwa haraka akikimbilia treni, zilifanywa na wanafunzi wa Skuli ya Sanaa ya J. J. ya mji huo huo. Mhandisi msaidizi wa Stevens alikuwa Mhindi, Sitaram Khanderao. Mimi naona ni dhuluma kulitaja jina la msanifu mmoja na kuyaacha majina ya waliolichonga na kulisimamisha jengo lenyewe, na dhuluma hiyo tunaifahamu vizuri sisi ambao majumba yetu ya Mji Mkongwe husifiwa kwa majina ya masultani peke yao.

Sanamu ya mwanamke iliyo juu ya kuba, aliyenyanyua mwenge mkono mmoja na kushika gurudumu mkono wa pili, si Malkia Victoria. Ni mfano wa maendeleo. Sanamu ya Malkia ilikuwa chini yake, mbele ya jengo, na iliondolewa baada ya uhuru wa India. Vilevile, chini ya kuba hilo hapaingii treni: sehemu ile ilijengwa iwe makao makuu ya kampuni ya reli, na hadi leo ni ofisi za Reli ya Kati, ilhali majukwaa ya abiria yako pembeni.

Dhana inayotuhusu zaidi ni ile inayosema kwamba Sayyid Barghash aliiona stesheni hii alipokuwa uhamishoni Bombei, akatamani, na ndipo alipoleta reli Unguja. Barghash alipelekwa Bombei mwaka 1859 baada ya kushindwa kumpindua nduguye, Sayyid Majid, na akarudi mwaka 1861. Stesheni ya Stevens ilikuwa bado miaka 17 kuanza kujengwa. Kilichokuwapo wakati ule ni stesheni ndogo ya Bori Bunder, ambako treni ya kwanza ya abiria ya India iliondoka kwenda Thane tarehe 16 Aprili 1853. Ikiwa Barghash aliathiriwa na reli za Bombei, jambo ambalo si gumu kulikubali kwa mtu aliyekuja kuuletea mji wetu maji ya mfereji, basi aliathiriwa na reli yenyewe, si na kasri lake.

Reli yake iliyokwenda kwenye jumba la Chukwani, ambayo mabehewa yake yalivutwa kwanza na nyumbu na baadaye na injini ya mvuke kutoka Uingereza, ilikuwapo kabla ya ile ya Mombasa kuanza kujengwa mwaka 1896, ingawa wengi hudhani Afrika Mashariki haikujua reli kabla ya hiyo ya Mombasa. Haikudumu baada ya kifo chake mwaka 1888.

Wengi huichanganya reli hiyo na ile ya Bububu, ambayo ni nyingine kabisa. Ya Bububu ilijengwa na kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheney na kuanza kazi mwaka 1905. Serikali iliinunua mwaka 1911, na ikaacha kuchukua abiria mwaka 1922. Vijana huniuliza stesheni yake kubwa ilivunjwa lini pale Forodhani. Treni ilianzia nje ya Ngome Kongwe, ikapita katika mitaa myembamba ya mji na kutokea shamba, na ngome yenyewe, iliyojengwa na Waomani mwishoni mwa karne ya 17, ikatumiwa kuwa bohari ya reli. Wanaolitafuta jengo hilo hupita ukutani mwake kila jioni.