Mafua Yasiyoisha kwa Mtoto: Si Kila Pua Iliyoziba Ina Nyama

Julai ikiingia na baridi ikishuka Machame na Kibosho, watoto hushinda na makamasi. Mafua yakigoma kuisha, hakosekani mtu wa kusema, "Huyo ana nyama za puani, mpelekeni akakatwe." Ushauri huo unawatesa watoto bure.

"Nimemulika tochi, nyama nimeiona." Kile chekundu kilichovimba mara nyingi ni sehemu ya kawaida ya pua. Kila mtu anayo, na huvimba kwa mafua, aleji au moshi wa kuni. Nyama ya puani yenyewe, ambayo madaktari huiita polipu, huwa ya kijivu au njano hafifu, laini, inang'aa kama zabibu iliyomenywa, na daktari akiigusa mtoto hasikii maumivu. Mtoto anayekoroma na kulala mdomo wazi mara nyingi anasumbuliwa na adenoidi, tezi zilizo nyuma kabisa ya pua, ambako tochi ya simu haifiki. Kwa kawaida tezi hizo husinyaa mtoto anapokaribia ujana.

"Nyama ikikatwa, imekwisha." Polipu kwa watoto ni nadra, hasa chini ya miaka 10. Kwa hiyo mtoto mdogo akikutwa nazo pua zote mbili, swali la kwanza liwe: zimetoka wapi? Kuna ugonjwa wa kurithi, sistiki faibrosisi, unaofanya ute wa mapafu na pua uwe mzito na wa kunata. Mtoto mwenye ugonjwa huo hukohoa kila mara, haongezeki uzito, na mama akimbusu husikia chumvi nyingi kwenye ngozi. Mama akigundua hilo amwambie daktari, hata asipoulizwa. Mtoto wa Kiafrika naye anaweza kuwa nao. Tena polipu huweza kurudi hata baada ya upasuaji mzuri, ndiyo maana dawa ya steroidi ya kupuliza puani huendelea kutumika.

"Anakohoa usiku, ni kimeo." Hili linaniuma zaidi. Makamasi yanayoteremka kooni mtoto akilala yanatosha kumkohoza usiku kucha. Kukata kimeo hakuyazuii, ila wembe unaweza kumletea kutokwa damu nyingi, pepopunda au VVU.

"Makamasi ya kijani yanataka antibiotiki." Hata mafua ya virusi hubadilika rangi. Sainasi, yaani uvimbe wa vyumba vya hewa vinavyozunguka pua, huitwa sugu pua ikiziba au kutoa makamasi kwa wiki 12 au zaidi. Kusafisha pua kwa maji ya chumvi, yaliyochemshwa yakapoa, husaidia sana. Matone ya kufungua pua yakizidi siku chache huizibisha upya, na mtoto mdogo asipewe bila ushauri wa daktari.

Upande mmoja tu ukitoa usaha unaonuka, fikirieni punje ya maharage au ushanga uliosukumwa humo. Betri ndogo ya saa huunguza pua ndani ya saa chache, hiyo haisubiri asubuhi.

Anzieni kituo cha afya, muombe rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Hospitali ya KCMC pale Moshi wapo. Lakini jicho likivimba, mtoto akiona vitu viwili viwili, au kichwa kikimuuma vikali huku ana homa na anatapika, mpelekeni hospitali usiku huohuo.