Mtoto ananyonya lakini kilo hazipandi

Ilikuwa katikati ya kaskazi, joto limeshika. Bibi mmoja alitangulia kuingia chumbani kwangu, akaiweka kadi ya mjukuu wake juu ya meza, akaniinamia: "Mwanangu, mtoto huyu kabemendwa." Nyuma yake akaingia mzazi mwenyewe, siku ya 35 ya arubaini yake, kitoto kimefunikwa kanga gubigubi kisionwe na macho ya watu, na kope za mama zimevimba kwa kulia. Mumewe anafanya kazi Unguja. Kwa bibi, anayeamini kwamba mzazi akikutana kimwili mapema au akitoka nje ya ndoa mtoto anayenyonya hudhoofika, hilo lilitosha kuwa ushahidi.

Mimi ni muuguzi mkunga hapa Pemba, na hakuna jambo linaloletwa kwangu na hofu nyingi kama hili. Mtoto ananyonya kutwa kucha, mizani haisogei, na nyumba nzima inamtazama mama kama mtu aliyeficha kitu. Ndiyo maana naandika.

Nilianza na kadi. Mtoto, wa kike, kazaliwa na kilo 3.1. Siku ya saba, kilo 2.9. Siku ile, wiki ya tano, kilo 3.3.

Ile 2.9 haikunitisha hata kidogo. Karibu kila mtoto mchanga hupungua siku za mwanzo, kwa sababu anatoa maji na choo cheusi alichotoka nacho tumboni, na dang'a (maziwa ya kwanza) anayonyonya ni kidogo kwa kipimo ingawa ni nzito kwa faida. Kupungua hadi asilimia 7 ni kawaida. Ikifika 10 mtoto huyo tunamtazama kwa makini. Kufikia siku ya 14 hivi tunatarajia awe amerudi kwenye uzito wa kuzaliwa. Tangu hapo mpaka miezi mitatu, anayekwenda vizuri hupata gramu 20 hadi 30 kwa siku. Baada ya miezi mitatu mwendo hupungua, na baada ya sita hupungua tena. Akina mama wengi huja na mtoto wa miezi mitano wakilia kwamba amesimama, kumbe hajasimama, ameacha kukimbia.

Huyu wetu alipata gramu 400 kwa siku 28, yaani gramu 14 kwa siku. Hiyo ni ndogo. Alianza karibu na mstari wa katikati wa kadi na sasa alikuwa amegusa mstari wa chini. Ninachokitafuta kwenye kadi ni hicho: njia ya mtoto inakwenda wapi. Mtoto mwembamba anayepanda sambamba na mistari, mwezi baada ya mwezi, ni mwembamba tu, na pengine baba yake ni hivyo hivyo. Mtoto anayeivuka mistari kushuka anatuambia jambo, hata kama mashavu bado yamejaa.

Na mistari yenyewe ina historia ambayo mama anayenyonyesha anafaa kuijua. Ile ya zamani ilitokana zaidi na watoto wa jimbo la Ohio, Marekani, ambao wengi walilelewa kwa maziwa ya chupa, na mtoto wa chupa hunenepa kwa namna yake. Mtoto wa ziwa akilinganishwa naye alionekana dhaifu baada ya miezi mitatu, mama akaambiwa aongeze kopo. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani likatoa mistari mipya, iliyochorwa kwa watoto walionyonyeshwa, kutoka Brazili, Ghana, India, Norwei, Marekani na Omani. Watoto wa Maskati wamo humo! Nusu ya Wapemba ninaowajua wana jamaa huko. Walipolelewa vizuri, watoto wa nchi zote sita walirefuka kwa mwendo ulio karibu sawa.

Kabla ya kuiamini nambari, lakini, iamini kwanza mizani. Mizani ya kuning'iniza iliyopo vituo vingi ina alama za kila gramu 100, maana yake kinachoongezeka kwa siku tatu nne kinaweza kupotea baina ya alama mbili. Nepi iliyoloa (winda, wakubwa wetu wanaita) nayo ina uzito wake. Kwa hiyo mtoto apimwe mtupu, kwenye mizani ile ile, na asipimwe kila siku. Kumpima kila siku kunamtia mama homa ya roho bure.

Nikamwambia mzazi, "Mnyonyeshe hapa hapa, nikuone." Nikavuta kigoda nikakaa usawa wa ziwa lake.

Kitoto kilishika chuchu pekee. Mdomo umefumbwa kama anayenyonya mrija, mashavu yanabonyea ndani kila avutapo, na ulimi unalia *ta, ta, ta*. Kidevu hakigusi ziwa. Mama akakunja vidole vya mguu kwa maumivu, na baada ya dakika tano akamtoa na kumgeuzia ziwa la pili, kama alivyoelekezwa nyumbani, ili "asiegemee upande mmoja". Chuchu ilipotoka ilikuwa imebanwa bapa, na mstari mweupe kichwani. Kwangu mimi chuchu ile ilisema zaidi kuliko mizani. Mtoto alikuwa akifanya kazi kutwa nzima na kulipwa nusu.

Tukaanza upya. Nilimwomba ampakate tumbo kwa tumbo. Sikio, bega na nyonga ya mtoto vikae mstari mmoja, maana hata mimi na wewe hatuwezi kumeza shingo ikiwa imepindwa. Pua ielekee chuchu. Kisha asubiri. Chuchu ikimgusa mdomo wa juu, mtoto hufungua kinywa kama anayepiga miayo, na hapo hapo ndipo mama anamleta mtoto kwenye ziwa, asiliinamishe ziwa kwa mtoto. Mara ya kwanza haikuwa. Ya pili haikuwa. Ya tatu kidevu kikazama kwenye ziwa, mdomo wa chini ukajipindua nje, na ule weusi unaozunguka chuchu ukaonekana zaidi juu kuliko chini. Chumba kikanyamaza. Kidevu kikashuka, kikasita kidogo, kikapanda, na tukasikia *kh* ndogo ya kumeza. Bibi alinisogelea akauliza, "Hicho ni nini?" Nikamwambia, "Maziwa hayo, bi mkubwa, yanapita."

Huko kusita kwa kidevu ndiko ninakotaka kila mama akujue, kuliko kujua gramu. Mtoto anaweza kukaa ziwani saa nzima akichezea chuchu na asimeze kitu. Alama nyingine iko kwenye nepi: kuanzia siku ya tano au ya sita, mtoto anayepata maziwa ya kutosha hukojoa mara sita au zaidi kwa siku, mkojo mweupe, na wiki hizo za mwanzo hupata choo cha manjano mara tatu nne. Mkojo mchache, wenye rangi kali na harufu, unasema maziwa hayafiki.

Kuhusu kugeuza ziwa kila dakika tano: maziwa yanayotoka mwanzo ni mepesi na mengi maji, yanayokuja baadaye yana mafuta zaidi, na mafuta ndiyo yanayopandisha kilo. Mwache amalize la kwanza mpaka aliachie mwenyewe, ndipo umpe la pili akitaka. Hapa ndipo inapozaliwa ile kauli ya "maziwa yako mepesi". Mama akikamua kidogo kwenye kikombe akaona rangi ya buluu, anadhani mwili wake umemsaliti. Hayo ni ya mwanzo tu.

Ziwa nalo ni kama kisima, linajaa kadiri linavyotekwa. Likiachwa limejaa muda mrefu, mwili unaelewa kwamba mahitaji yamepungua na unapunguza kutengeneza. Usiku homoni inayotengeneza maziwa hupanda zaidi kuliko mchana, kwa hiyo mnyonyo wa saa nane za usiku usiupoteze, na kitoto kinachopenda kulala kiamshwe. Nilipouliza, nikaambiwa mtoto akilia mchana hupewa vijiko vya maji kwa ajili ya joto. Maziwa ya mama ni maji kwa karibu asilimia 88. Hata kaskazi iwake vipi, mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji tone la nje. Kijiko cha maji kinajaza tumbo dogo bila kumpa chochote, na kinapunguza kuteka kisima. Kumpaka tende kaakaani siku ya kuzaliwa ni sunna yetu na sina ugomvi nayo. Asali ndiyo naomba isimfikie kabla ya mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyopooza misuli ya mtoto mchanga.

Sasa kubemenda. Simcheki mtu anayelitaja, kwa sababu naamini wazee waliona kitu cha kweli wakakipa sababu isiyokuwa yake. Mama akishika mimba nyingine wakati ananyonyesha, maziwa hupungua. Mtoto akiachishwa ghafla na kupewa uji mtupu, hudhoofika, huvimba miguu. Jambo hili halikuonekana kwetu tu. Dokta Cicely Williams alilieleza alipokuwa Ghana miaka ya 1930, na mwaka 1935 akalipa jina la ugonjwa tunaouita kwashakoo, neno la Waga, watu wa huko Ghana, kwa maana ya maradhi yanayompata mtoto mdogo wake anapokuja. Kwa hiyo kupanga uzazi ni kumlinda anayenyonya. Lakini safari za mume Unguja haziingii kwenye maziwa. Nilimwambia bibi hivyo kwa adabu, mbele ya binti yake, kwa sababu shutuma ilitolewa mbele yake. Mama anayeishi na fedheha hushindwa hata kuachia maziwa yatoke, kwani homoni inayoyasukuma huzuilika kwa hofu na huzuni.

Mume nilimpigia simu. Alikuwa tayari kutuma pesa za maziwa ya kopo. Nikamwambia atume za samaki, kunde, mayai na matunda, amlishe mkewe kama aya ya 233 ya Al-Baqara inavyomtaka baba afanye katika muda wa kunyonyesha. Supu ya pweza kama ipo, vizuri sana. Kopo lina siku yake, na nimewahi kuliagiza mimi mwenyewe. Lakini kabla yake kuna maziwa ya mama huyo huyo, yakamuliwe baada ya kunyonyesha na mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo, si chupa.

Wapo watoto ambao haya yote hayatawatosha, na kwao kusubiri ni hatari. Mtoto anayetoka jasho na kuchoka katikati ya kunyonya, moyo wake uchunguzwe. Mwenye ukano mfupi chini ya ulimi huenda asiweze kushika hata akipakatwa vipi. Mama aliyetokwa na damu nyingi sana alipojifungua, aliyebakiwa na kipande cha kondo, au anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili, anaweza kukosa maziwa kwa sababu ya mwili, wala si uzembe. Na mtoto wa chini ya miezi miwili akikataa kunyonya, akilegea, akipata homa, utosi ukibonyea, au akipumua mara 60 na zaidi kwa dakika, hapo hakuna tena habari ya kurekebisha mkao: hospitali siku hiyo hiyo, hata iwe usiku.

Binti yule alirudi baada ya siku nane. Kilo 3.6. Miezi mitatu ilipotimia, 5.1, bado chini ya mstari wa katikati, lakini njia inapanda. Safari hiyo ya pili bibi alikuwa wa kwanza kuketi kwenye kigoda, akitazama kidevu.

Ukija kwangu, njoo na kadi na nepi kavu ya kubadilisha, na kama mtoto anaweza kuvumilia, usimshibishe njiani. Nataka anyonye mbele yangu.